Heshima za Kpadonu

Chatu arobaini walikuwa ndani ya nyumba yao. Wa arobaini na moja, mkubwa kuliko wote, aliyeitwa Babu, hakuonekana.

Kpadonu alihesabu tena, akainua mitungi, akachungulia hata chini ya mkeka wake mwenyewe. Babu hayupo! Na ilikuwa siku ya tisa tu tangu akabidhiwe kazi ya kuwatunza chatu watakatifu wa mtaa, kazi ambayo binamu yake Zinsu aliililia machozi. Adhuhuri hiyo Bibi Akuavi, kuhani mkuu, angekuja kumwosha Babu mbele ya watu wote. Babu asipokuwepo, kazi ingekuwa ya Zinsu.

Siku nyingine chatu akitoroka si taabu. Anayemkuta hupiga magoti, humwamkia, kisha humrudisha amempakata kifuani kama kichanga. Lakini leo kumuuliza mtu ni kujitangaza. Kpadonu alijifunga begani nguo yake mpya nyeupe, akarukia baiskeli yake yenye kikapu cha kubebea panya nyuma, akatoka kama anayefuata chakula cha chatu sokoni.

"Na nguo ya sherehe?" mkewe Senami alipaza sauti kutoka jikoni. "Cheo kimeshakupanda kichwani, mheshimiwa!"

"Wewe koroga uji wako!"

Alipokuwa akimpita muuza akara, zile bajia za kunde, yule mama aliacha mafuta yakichemka, akajitupa chini, paji la uso mavumbini. Kpadonu alitazama mbele, akatazama ng'ambo ya barabara. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Inuka, mama, akara zitaungua," alisema, na sauti yake ikawa nzito ghafla.

Mbele kidogo seremala alivua kofia na kuinama. Kisha vijana watatu wa teksi za pikipiki wakazima injini, wakapiga magoti palepale barabarani. Kpadonu akasahau kuchungulia mitaroni. Kumbe dawa ilikuwa nguo! Jana tu watu hawahawa walikuwa wakimwita Miguu ya Korongo.

"Polepole jamani, mbele pana mashimo!" fundi cherehani alimpigia kelele, naye akiwa amepiga magoti. "Na upite kivulini, jua hili si la mchezo!"

Kpadonu nusura alie. Hata mama yake mzazi hakuwahi kumwonea huruma ya jua. Akalizunguka soko mara moja, akalizunguka tena bila sababu yoyote, huku akipunga mkono kushoto na kulia, na wachuuzi wakianguka chini safu kwa safu.

Ngoma ilipolia ndipo alipozinduka. Adhuhuri! Na Babu hajaonekana hata mkia. Alifikiria kutorokea kwa dada yake ng'ambo ya rasi, ila akajipa moyo: mtu anayeheshimiwa namna hii, nani atamfukuza?

Aliporudi, ua wa nyumba ya chatu ulikuwa umejaa watu. Zinsu alisimama mlangoni, meno yote nje.

"Nimeshaingia ndani, nimehesabu," alisema. "Babu wetu yuko wapi, bwana mtunzaji?"

Akiwa bado juu ya tandiko, Kpadonu aliigeuza baiskeli ili aisogeze ukutani.

Meno ya Zinsu yakafichika. Akaanguka kifudifudi, na nyuma yake ua mzima ukaanguka. Hata Bibi Akuavi, mwenye magoti mabovu, alijishusha taratibu mpaka chini.

Furaha ilimpanda Kpadonu mpaka akaona kizunguzungu. Akaachia usukani, akainua mikono yote miwili.

"Inukeni, wanangu," alisema.

"Kpadonu," alisema Bibi Akuavi, paji la uso likiwa bado mavumbini, "hebu shuka upishe. Unamziba Babu hapo kikapuni."