Mkono Uliopiga Kwanza

Picha ya sikio la kushoto la Zawena ilitanda ukutani, na mfupa ukaonekana una nyufa nne. Siku hizi kila kliniki ilikuwa na mashine ya kupiga picha kama hiyo, iliyosoma umri wa kila ufa na mkono uliopiga. Sheria nayo ilikuwa moja: mkono uliopasua sikio kwanza hudungwa sindano ya ganzi ya maisha, mikono mingine husamehewa.

"Kuanzia leo utalishwa kwa kijiko, mwanahizaya wewe," Bi Tunu alimwambia mkwewe, Shedafa, mume wa Zawena, huku akimpakata mjukuu. Juzi tu Shedafa alimzaba Zawena kofi mpaka damu ikachuruzika sikioni na kulowesha kanga.

"Nyufa tatu ni za mume," alisema daktari. "Huu mmoja ni wa zamani. Mgonjwa alikuwa na miaka saba."

Zawena aliikumbuka siku ile. Maziwa yalimwagika, kofi likamtupa mlangoni, na kengele ikamlia kichwani wiki nzima.

"Mama," alisema.

"Nilikuwa nakufunza, mwanangu," Bi Tunu alijibu. "Sote tulilelewa hivyo."

Daktari akamwambia Bi Tunu ampe mtu mtoto. Shedafa ndiye aliyewahi kumpokea. Bi Tunu akanyoosha mkono wa kuume, sindano ikazama, na vidole vikalegea kimoja kimoja.

"Pole, mama mkwe," Shedafa alisema akicheka. Kisha akaweka kiganja chake, kizima na chenye joto, shingoni mwa Zawena.

"Haya, mke wangu, twende nyumbani," alimnong'oneza katika sikio lililobaki.