Gari Linalotangulia Ugonjwa

Siku hizi gari la wagonjwa hufika kabla ya ugonjwa. Wahudumu huketi wakanywa chai, na ni mwiko kutaja wamemfuata nani, maana hofu huua. Binti yangu Radhia ndiye bingwa wao. Juzi aliwahi mno hata mgonjwa akasahau kuugua!

Leo kaingia kwetu na mashine begani.

"Shikamooni."

"Marahaba. Umekuja kutusalimia au uko kazini?"

"Chai ipo, baba?"

Mama yake akacheka. "Kakufuata wewe, mpenda chumvi!"

"Mimi? Labda wewe na sambusa zako!"

Radhia akavaa glavu, akaketi katikati yetu. Kifua kikanivimba kwa fahari. Mwanangu hajawahi kuchelewa, wala kukosea nyumba.