Skuta Iliyoletwa Kufunguliwa

Mama aliisukuma skuta iliyopondeka mpaka gereji, akaiegemeza ukutani. Hakutaka itengenezwe. Alitaka kabureta ifunguliwe, naye akiwa amesimama hapohapo.

Mwanawe alikuwa na wiki tatu kaburini. Mtaa ulikwisha kuhukumu: mbio ndizo zilizomuua, na mbio alizipata kwa fundi huyu anayechokonoa injini za watoto wa watu. Mfiwa naye hutafuta wa kumshika shati.

"Dada, sikuigusa," alisema fundi. "Aliniomba mara mbili. Nikamwambia mama yako atanimeza mzimamzima."

"Basi fungua."

Walijuana tangu ujana. Enzi hizo walikuwa watatu uani kwa baba yake huyu mama: yeye, kaka yake, na fundi, ambaye wakati huo hata spana alikuwa akiishika kama mwiko. Binti huyo ndiye aliyekuwa na mkono wa ufundi. Alisugua matundu ya silinda kwa tupa mpaka yakang'aa, akalipunguza tumbo bomba la moshi, na skuta ya kwenda sokoni ikaanza kuyaacha magari. Walicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha kaka akakosa kona moja, akarudishwa nyumbani amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo binti hakushika hata bisibisi mbele ya watu.

"Mbio haziji zenyewe," alisema sasa. "Kuna aliyempa."

Fundi alitafuta bisibisi huku akisimulia kwa sauti ya chini. Alikuwa amemfuata dereva wa lori ambalo kijana alikuwa akilipita siku ya ajali, akamuuliza. Kijana alitoka nyuma ya lori kwenye mlima, barabara mbele nyeupe, haina gari. Alipofika ubavuni akabaki palepale, hapiti wala harudi. Basi la abiria likatokea juu.

"Anasema alikuwa anavuta mafuta mpaka mwisho, skuta haiondoki. Kama imefungwa kamba."

"Anajitetea huyo. Nani asiyejitetea? Fungua."

Skurubu ya mwisho ilikuwa ngumu. Mama alimpokonya bisibisi, akaizungusha mara moja, ikaachia. Akarudi nyuma hatua mbili, akatazama mlangoni.

Fundi aliingiza vidole, akatoa kipete kidogo cha shaba. Kilikuwa kimekatwa kwa tupa na kulainishwa pande zote, kimekaa mahali pake kama kilizaliwa humo. Alikigeuza kwenye mwanga.

"Hiki si cha kuongeza mbio, dada. Hiki kinazuia mafuta yasifunguke kupita nusu. Aliyekiweka alitaka skuta isikimbie." Akapitisha kidole gumba ukingoni mwake. "Na anajua kazi."

Mama alinyoosha kiganja, akakipokea bila kukitazama.

"Nilidhani amekitoa," alisema.