Nondo za Jirani

Tunu alipopanga mtandao wake wa kwanza, alipima kila kilichosimama kati ya mnara wa shule na paa la zahanati: miarobaini, tangi la maji, hata kamba za kuanikia nguo. Mawimbi yalitaka njia iliyo wazi. Nondo zilizochomoza juu ya nyumba ya jirani hakuzipima. Kila nyumba ya mji ule ilikuwa na nondo zinazoliwa na kutu, zikisubiri ghorofa isiyokuja.

Sasa yuko juu ya paa la zahanati, amelifungua dishi lake dogo kutoka kwenye nguzo, na mbele yake fundi Shomari anapanga matofali katikati ya nondo zile zile.

“Fundi, ukuta unaishia hapo?”

“Hapa? Bado kozi nne za matofali, dada. Mwenye nyumba anaongeza mke, ghorofa yake hii.”

Tunu aliinua dishi juu ya kichwa. Taa ya kijani ikawaka, ikafifia. Chini, nesi akapaza sauti kuuliza kama majibu ya maabara yameingia.

Simu ya Shomari ilikuwa imeegemezwa kwenye tofali. Kwenye video, binti yake mdogo alikuwa akimwonyesha pengo la jino.

“Mtandao wako huu umenifaa sana,” alisema Shomari. Akapaka saruji, akaweka tofali. Mtoto akaganda kwenye skrini, mdomo wazi.

“Dada, hebu tengeneza, mtoto amenikatikia,” alisema, na mkono wake ukafuata tofali jingine.