Chupa Saba

Kila Jumamosi Hatibu alivua kwa kayaki yake, na kabla ya kurudi aliokota takataka zilizoelea mtoni. Siku hiyo alikuta chupa saba za plastiki, kila moja imefungwa kamba yake. Akazikata kamba, akazitia chupa guniani, akarudi ameridhika.

Ukingoni alimkuta Bi Nyamvula, mvuvi wa kambare, akiyakagua maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujaziona chupa zangu, mwanangu? Kila moja ina dema langu chini yake. Mtego usio na alama ndio umeshapotea."

Hatibu akafungua gunia. Bi Nyamvula akatoa chupa moja, akakipapasa kipande cha kamba kilichobaki.

"Panda, mama. Tukayatafute madema."

Akapanda, chupa akaipakata. Mbele yao mto ulikuwa mpana, msafi, hauna hata kitu kimoja juu yake.