Nyumba kwa Jina la Kaka

Seremala aliiacha mashine ya kuranda ikinguruma peke yake. Ni ile aliyoikopea benki, kazi ikadorora akaacha kulipa, wakampigia simu weee mpaka wakachoka wenyewe. Leo hakuwa na muda nayo. Alitoka mbio, penseli bado iko sikioni, mkononi ana notisi ya benki hiyohiyo: nyumba ingepigwa mnada baada ya siku kumi na nne, na jina lililoandikwa pale juu lilikuwa lake.

Nyumba yenyewe hakuwa nayo tena. Miaka miwili iliyopita alimuuzia mdogo wake wa kike, mshonaji. Dada alimpa taslimu alichoweza, na mkopo wa nyumba ukabaki vilevile kwa jina la kaka. Kazi ya dada ilikuwa moja tu, kuingiza rejesho kwenye akaunti ya kaka kila mwezi. Nani mwingine angemwamini mshonaji asiye na mshahara? Na haya ndiyo malipo ya wema wake!

Alimkuta sebuleni, yuko kwenye cherehani, wateja wawili wanasubiri. Madirishani kuna mapazia mapya. Roho ilimuuma seremala kuyaona.

"Miezi sita hujalipa!" Akamtupia notisi juu ya kitambaa. "Damu yangu mwenyewe, unanifanyia hivi?"

"Kaka, nimelipa kila mwezi."

"Usinifanye mtoto."

Wateja walichukua vitambaa vyao wakaondoka bila kuaga. Dada aliinuka, akaleta kopo la biskuti, akatoa stakabadhi zilizofungwa kwa mpira, mwezi baada ya mwezi. Seremala hakuzigusa.

"Karatasi hizi hata mtoto wa shule anachapisha."

Hapo machozi yakamtoka dada. "Ukisema hivyo wewe, kaka, nani ataniamini? Na wanangu watalala wapi?"

"Ungewaza hayo kabla ya kununua mapazia. Twende benki wakuumbue."

Njia nzima hakufunga mdomo. Alimkumbusha alivyombeba mgongoni akiwa mdogo, alivyomlipia ada, alivyomtetea kwa mama. Usaliti wa mtu baki unauzoea, alisema, lakini wa tumbo moja unakumaliza. Dada alimfuata nyuma amelikumbatia kopo.

Benki, karani mwenye miwani alizipitia stakabadhi moja moja, akabonyeza kompyuta, akazirudisha kwa dada kwa mikono miwili.

"Zote ni halali. Hajachelewa hata siku moja."

Seremala akapandisha sauti, foleni nzima isikie. "Sasa pesa imekwenda wapi? Mmeila nyinyi?"

"Hapana, mzee. Akaunti ni yako, na benki hukata kwanza mkopo wako uliochelewa zaidi." Karani akamgeuzia skrini, akatabasamu. "Na hongera. Ile mashine ya kuranda imebakiza marejesho mawili tu."