Groupe ya Mama Mukwe

Mama Annonciata alifika mlangoni, akachungulia ndani, akaona kitanda, pazia na sufuria tatu. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii iko nyumba ya mukwe wangu," alisema. "Siingie."

Lilikuwa basi dogo kuukuu, limeegeshwa pembeni ya soko la Kashuga. Evode, kinyozi, alikuwa amelinunua wakati bado anazunguka masoko. Aling'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda na rafu, akahamia humo na mkewe Umuhoza. Tangu Umuhoza apate kazi ya ualimu, basi halikuwa limesogea tena.

"Mama, iko na magurudumu ine," Umuhoza alimsihi mama yake uso kwa uso, mtoto mgongoni. "Hii ni motokari!"

"Motokari inangurumaka. Hii inanyamaza. Muntu haingie kwa nyumba ya mukwe wake, njo desturi tulikomalia nayo."

Hapo palikuwa na kazi. Mtoto wao Ngabo alikuwa na miezi mitatu, na likizo ya Umuhoza ilikuwa inaisha kesho, Jumapili. Directeur wa shule alikwisha sema wazi: asipoonekana Jumatatu, darasa linapewa mwingine. Wa kubaki na mtoto alikuwa bibi yake tu, na bibi ndiye huyo, amesimama nje na kifurushi chake, anaitazama njia ya kurudi kwake Burungu.

Evode alifanya anavyopaswa kufanya mkwe mwenye adabu. Aliinamisha kichwa, macho kwenye viatu, akanong'ona maneno marefu ya kumkaribisha na kumpa pole ya safari.

Mama Annonciata aliutazama utosi wa mkwe wake, akamgeukia binti yake. "Anasema nini?"

"Anasema karibu, mama. Anasema hii ni kwako."

"Aksanti yake. Lakini siingie." Akatupa macho huku na huku, kisha akanyoosha kidole chini ya basi. "Na ile?"

Ile ilikuwa groupe, jenereta ndogo ya petroli ya kuendeshea mashine ya kunyolea. Evode aliiwasha kikija kichwa cha kunyoa tu, dakika kumi, halafu anaizima, maana petroli haiokotwi njiani. Sasa aliivuta nje, mbali na mlango ili moshi usimfikie mtoto, akavuta kamba mara mbili. Groupe ikanguruma, kuku wakatawanyika.

Uso wa Mama Annonciata ukafunguka wote.

"Sasa iko motokari!" alisema, akapanda na viatu vyake miguuni. Nani anavuaga viatu kuingia kwenye gari?

Basi, ikawa hivyo. Groupe ilinguruma mchana kutwa, haimnyoi mtu, haichaji simu, inanguruma tu kwa heshima ya mama mkwe. Jioni alikwenda kulala kwa jirani yao, Mama Colette, ndipo masikio ya watu yakapumzika. Wauza maharage walikufa kwa kicheko.

"Evode, ulioa mwanamuke ao ulioa groupe?"

"Nilioa yote mbili!" alijibu, akicheka. Lakini akiitazama bidoni yake ya petroli, roho ilimuuma kweli.

Hata hivyo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kelele zile hakuna aliyeweza kunong'ona. Evode alilazimika kuinua uso, kupanua mdomo na kusema kwa mikono miwili, na ajabu ni kwamba mama mkwe alimwelewa mara moja. Alimuuliza habari za mama yake, za barabara, za bei ya maharage, na Evode akamjibu kwa mwili mzima. Maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba mama mkwe ni mtu wa kucheka naye.

Jumapili, wakitoka kanisani, pikipiki ilipiga honi nyuma ya Mama Annonciata, ikapiga tena, ikapiga hadi dereva akatukana. Mama huyo hakuharakisha hata unyayo.

"Mama yako iko na roho nguvu!" Evode alimwambia mkewe. "Haogope muntu!"

Jumatatu Umuhoza alimnyonyesha mtoto, akamlaza, akapanda mlima kwenda shuleni karibu anakimbia. Evode alimimina petroli ya mwisho. Ilimfikisha saa nne tu. Groupe ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa.

Kimya kikatanda. Evode, aliyekuwa amesimama mlangoni na chai yake, akawasikia wanafunzi huko juu wakiimba hesabu. Sasa hii ni nyumba. Sasa hivi mama mkwe atachukua kifurushi chake, na Umuhoza ataitwa kutoka darasani siku yake ya kwanza. Akainamisha kichwa, akangoja.

Hakikutokea kitu. Akainua jicho moja. Mama Annonciata alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunja vitambaa vya mtoto, ametulia kabisa.

Amekubali! Machozi yalimlengalenga Evode. Mama wa watu ameacha mila ya wazee wake kwa ajili ya mjukuu, na wala hakutaka kushukuriwa! Kengele ya mapumziko ikilia tu, atakimbia kumwambia Umuhoza.

Ndipo Ngabo akaamka. Alilia kwa ngumi na kwa miguu, mdomo wazi hadi koo likaonekana, hapo hapo nyuma ya mgongo wa bibi yake. Hata Mama Colette, ng'ambo ya soko, akageuka.

Mama Annonciata alikunja kitambaa kingine. Akainua uso, akamwona mkwe wake mlangoni, akamtabasamia kwa upendo, kisha akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Angalia mujukuu wangu vile analala! Hata kelele ya groupe haimuamushe!"